Kuugua

Kitenzi “ugua” kina maana mbili: kushikwa na maradhi, na kutoa sauti ya maumivu. Mtu huugua malaria. Aliyevunjika mguu huugua usiku kucha. Maana hii ya pili inafifia midomoni mwetu, nami inanisikitisha, maana ndiyo inayoeleza vizuri kazi ya mwandishi mgonjwa. Audre Lorde, mshairi wa Marekani, alikatwa titi kwa sababu ya saratani mwaka 1978. Mwaka 1980 akachapisha The Cancer Journals. Alikataa kuvaa titi la bandia, akaandika hofu yake, hasira yake, na upendo wa wanawake waliomzunguka. Huko ndiko kuugua kwa maana zote mbili.



Kwetu saratani bado hutajwa kwa kunong’ona, na matangazo ya vifo husema tu “baada ya kuugua kwa muda mrefu”. Muda huo ulikuwa na mikesha, dawa na mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaandika. Wewe unayeugua sasa, au uliyepona, ukipata nguvu ya kushika kalamu, tuandikie.