Kengele ya Mwivi na Milio Yake
Tarehe 21 Juni, 1853, kasisi mmoja wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, jina lake Augustus Russell Pope, alipewa na serikali hati ya uvumbuzi wa chombo ambacho ndicho mzazi wa ving'ora vyote vilindavyo majumba leo. Milango na madirisha aliyaunganisha kwa nyaya, hata mwivi afunguapo lolote kati ya hayo, umeme hupata njia, sumaku ikaamka, na nyundo ndogo ikaigonga kengele ya shaba mfululizo. Na lililo bora katika hekima yake ni kwamba mwivi, hata aurudishe mlango upesi kwa hofu, hawezi kuinyamazisha.

Walakini kengele ile, mithili ya mbiu ya mgambo ya kwetu pwani, ilijulisha tu kwamba kuna jambo. Mwenye nyumba, aliyegutuka usingizini, angejuaje kama adui yu jikoni au sebuleni? Mfanyabiashara Edwin Holmes aliinunua haki ya uvumbuzi ya Pope mwaka 1857, akahamia New York mwaka 1859, na katika zama zake mafundi wakaongeza ubao wa ishara, uonyeshao ni dirisha lipi lililoguswa. Kwa rai yangu hapo ndipo manufaa ya hakika yalipoanza, kwani sauti isiyofahamika huzidisha fadhaa, na pengine humtoa mtu mbio hadi mikononi mwa huyo anayemkimbia.

Baadaye nyaya zikapelekwa ofisini, kengele ikawalilia walinzi wa mbali ilhali nyumba yenyewe i kimya. Mjini Boston, mwaka 1877, nyaya hizo za mwanawe Holmes zilitumiwa mchana kwa simu ya Alexander Graham Bell, na usiku zikarejea kulinda mabenki.

Mitambo ya siku hizi imepata ufasaha. Mlio wa polepole mtu aingiapo humtaka abonyeze namba zake za siri. King'ora kisichokoma ni uvamizi. Huko Marekani milio mitatu kisha kituo ni moto, na minne ni hewa ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu. Ule mdogo, wa mara moja moja, ni betri inayokwisha, nao ndio aghalabu uwaudhio watu usiku wa manane, hata wakaing'oa betri na kurudi kulala, wasiweke nyingine.