Jina la Kikundi: Kusikiliza The Score, Wimbo kwa Wimbo, Nyarugusu

Tulikwama kwenye mstari wa kwanza wa fomu. Ilikuwa fomu ya kuomba nafasi kwenye sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, na mstari wa kwanza unauliza: Jina la kikundi.

Vijana ninaokaa nao kila Jumamosi ni kumi na wanne. Wengi wanarap, wawili wanaimba, mmoja anapiga ngoma kwenye dumu la maji na anaipiga vizuri kweli. Mmoja wao akapendekeza jina lenye neno "wakimbizi" ndani yake. Dada mmoja wa miaka kumi na saba akakataa palepale. "Yaya, jina hilo naitwa kila siku. Kwenye mgao naitwa hivyo, sokoni naitwa hivyo. Sasa hata kwenye jukwaa nijiite mwenyewe?" Wote wakaniangalia mimi. Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata nikaja na spika na memori kadi. Nikawaambia leo hatufanyi mazoezi, tunasikiliza watu waliowahi kulichukua jina hilo. Ndiyo hao Fugees, na albamu yao The Score.

Albamu hiyo ilitoka Februari 1996. Ndugu msomaji, mwaka huo uangalie vizuri. Mwisho wa mwaka huohuo wa 1996 vita viliwaka Kivu Kusini, wazazi wetu wakavuka Ziwa Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma, na kambi yetu ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kwa hiyo albamu na kambi ni watoto wa mwaka mmoja.

Fugees walikuwa watatu. Wyclef Jean alizaliwa Haiti mwaka 1969, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Pras Michel alizaliwa Brooklyn, New York, wazazi wake Wahaiti. Lauryn Hill ni Mmarekani mweusi wa New Jersey, siyo Mhaiti kabisa. Kwanza walijiita Tranzlator Crew, yaani kundi la wakalimani, lakini bendi nyingine yenye jina la kufanana ikalalamika. Ndipo wakachukua neno la Kiingereza la wakimbizi, refugees, wakalikata kichwa. Ikabaki Fugees.

Kwa nini neno hilo? Hapa lazima turudi Haiti.

Familia ya Duvalier ilitawala Haiti kuanzia 1957 hadi 1986, baba kisha mtoto, kwa mkono wa chuma. Watu walikimbia kwa boti za mbao kuelekea Florida. Mwaka 1981 Marekani ilianza kuzisimamisha boti hizo baharini. Waliofanikiwa kufika hawakupokelewa vizuri. Mwaka 1983 idara za afya za Marekani ziliwaweka Wahaiti kwenye orodha ya makundi ya hatari ya UKIMWI, taifa zima, kama vile ugonjwa una pasipoti. Mwaka 1990 Wahaiti wakakatazwa kutoa damu, na Aprili makumi ya maelfu waliandamana kuvuka daraja la Brooklyn kupinga. Huko shuleni mtoto wa Kihaiti akiitwa "refugee" halikuwa neno la sheria. Lilikuwa tusi.

Septemba 1991 jeshi likampindua rais Jean-Bertrand Aristide, aliyechaguliwa kwa kura. Boti zikaongezeka. Walinzi wa pwani wa Marekani waliwachukua maelfu ya Wahaiti na kuwaweka kwenye mahema katika kituo chao cha kijeshi cha Guantánamo Bay, kisiwani Kuba. Mei 1992 rais George Bush akaagiza wanaokamatwa baharini warudishwe Haiti moja kwa moja bila kusikilizwa. Juni 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba agizo hilo halivunji sheria. Wafanyakazi wa misaada mnaosoma hapa mnaijua kanuni ya Mkataba wa 1951 ya kutomrudisha mtu kwenye hatari. Majaji walisema kanuni hiyo haimfikii mtu aliye katikati ya bahari. Mimi nilipolieleza hilo, kijana mmoja aliuliza: "Kwa hiyo bahari siyo duniani?"

Basi hiyo ndiyo hali ya hewa ambayo jina Fugees lilizaliwa ndani yake. Albamu yao ya kwanza, Blunted on Reality ya 1994, haikuuza. Kwa ya pili walijifungia kwenye studio ndogo chini ya nyumba ya ndugu zake Wyclef huko New Jersey, wakairekodi mwaka 1995. Sasa tubonyeze.

Inaanza na Red Intro, maneno ya kusemwa tu, kisha How Many Mics. Hapa ni majigambo: nani anajua kushika kipaza sauti na nani anaigiza. Vijana wangu walipenda, maana wao pia wakikutana kwenye mti wa pale sokoni kazi ni hiyohiyo. Lakini niliwaonyesha jambo. Wimbo wa kwanza wa kundi lenye jina la wakimbizi hauombi huruma. Unasema: nisikilize kwa sababu najua kazi.

Wa tatu ni Ready or Not. Hapa ndipo tulikaa muda mrefu. Sauti ile ya kuvuma chini, kama watu wanaoimba ndani ya pango, ni ya Enya, mwanamke wa Ireland. Waliichukua bila kuomba ruhusa, ikabidi waelewane naye baadaye. Kiitikio kimetoka kwa The Delfonics wa mwaka 1968. Juu ya hivyo vyote Pras anajiita mkimbizi wa kutoka Guantánamo Bay, na anajilinganisha na Muhammad Ali akirukaruka ulingoni, ila ulingo wake ni mpaka. Video yake imejaa nyambizi na helikopta. Watu wa boti za mbao sasa ndio wenye chombo cha chini ya maji.

Dada yule akainua mkono. "Pras alizaliwa Brooklyn umesema. Guantánamo alikaa lini?" Nikasema hakukaa. "Basi anadanganya." Tuliacha swali hilo likae mezani, tukaendelea.

Zealots imejengwa juu ya wimbo wa mapenzi wa The Flamingos wa mwaka 1959, lakini wao wanashambulia ma-emsii wanaonakili wenzao. The Beast ni kuhusu polisi na kijana mweusi barabarani. Hapo sikuhitaji kueleza sana. Fu-Gee-La, ambayo biti yake ilitengenezwa na Salaam Remi, ndiyo wanayojitambulisha kwa jina lao. Kiitikio kimegeuzwa kutoka kwa Teena Marie. Sikiliza wanavyolitamka jina: wanalichezea mdomoni kama pipi. Neno lililokuwa tusi kwenye uwanja wa shule limekuwa kitu cha kuimba kwenye gari.

Family Business inazungumzia kulinda ndugu zako mtaani ambako risasi haichagui. Kisha Killing Me Softly. Wimbo huu uliandikwa na Charles Fox na Norman Gimbel, Lori Lieberman akaurekodi 1972, Roberta Flack akaupeleka duniani 1973. Lauryn akaurudia na ngoma nzito chini na sauti yake peke yake juu. Huko Uingereza ndio ulikuwa wimbo uliouza kuliko zote mwaka 1996. Mama jirani alisimama mlangoni na ndoo yake kichwani mpaka ukaisha. Akasema huu anaujua, aliusikia redioni miaka ya kwanza ya kambi. Hakujua walioimba walijiita wakimbizi. "Mbona hawakutuambia?" akauliza.

Wimbo wa The Score, uliobeba jina la albamu, wanashirikiana na Diamond D. Neno lenyewe lina maana ya matokeo ya mchezo, na pia ya hesabu inayolipwa. Halafu The Mask, kuhusu watu wanaovaa sura isiyo yao ili wapate riziki au wakubalike. Hapa niseme kwa heshima kwa wageni wetu wa mashirika: huku tunao uso wa mahojiano. Mtu anajifunza aonekane mnyonge kiasi gani, acheke lini, asitaje kwamba ana kipaji, maana anaogopa atahesabiwa hana shida. Siyo uongo. Ni kinyago, na ukikivaa miaka mingi kinaanza kushikana na ngozi.

Cowboys wanamkejeli kijana anayejifanya mbabe wa filamu mwenye bastola, huku wakijua bastola za mtaani ni za kweli. Wamo Rah Digga, Young Zee, Pacewon na John Forté. Kisha No Woman, No Cry ya Bob Marley, iliyotoka 1974. Kwenye karatasi za haki wimbo huo umeandikwa jina la Vincent Ford, rafiki wa Marley aliyekuwa na jiko la kuwalisha watu wa Trenchtown. Wyclef anauhamisha kutoka Jamaika mpaka mitaa yao ya Marekani, anawakumbuka waliokufa. Nadhani ndivyo mtu aliyehama anavyoimba: anachukua wimbo wa nyumba nyingine na kuweka marehemu wake ndani. Mwisho ni Manifest, nyimbo za kusalitiwa na kuvunjika moyo, na albamu inafungwa.

Albamu hiyo ilishika namba moja Marekani, ikauza mamilioni, na 1997 ikapata Grammy ya albamu bora ya rap. Mwaka huohuo walikwenda kutumbuiza Port-au-Prince. Kisha kundi likasambaratika. Wyclef akatoa The Carnival 1997, Lauryn akatoa The Miseducation of Lauryn Hill 1998. Albamu mbili tu za pamoja, basi.

Turudi kwenye swali la yule dada, maana ndilo lililonifanya niandike. Je, Pras alidanganya?

Nimelifikiria wiki nzima. Jibu langu ni hili. Hakudanganya, alikuwa anabeba mzigo wa wenzake. Watu waliokuwa Guantánamo hawakuwa na kipaza sauti, yeye alikuwa nacho. Mtoto aliyeitwa tusi hilo shuleni ana haki ya kulirudisha likiwa limenolewa. Lakini dada naye ana haki. Pras angeweza kulivua jina lile jioni akaingia nyumbani kwake New Jersey, akasafiri anapotaka. Jina ambalo unaweza kulivua ni vazi. Ambalo huwezi ni kitu kingine. Sisi hata kutoka kambini ni mpaka kibali. Kwa hiyo asitushangae mtu tukisita kulivaa kwenye jukwaa pia.

Nilichojifunza zaidi ni kwamba jina siyo lililowafanya Fugees. Kati ya nyimbo zote zile, ukimbizi umetajwa hapa na pale kama chumvi, siyo kama ugali. Kilichobaki ni kazi: kuchagua biti, kupanga sauti tatu zisigongane, kurudia mpaka iwe sawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale watatu hawakungoja kupewa. Walilichukua jembe wakalima. Na sisi siku yetu ya tatu imepita zamani, tuko hapa tangu 1996.

Ndugu zangu wa mashirika, mkituandalia jukwaa tarehe 20 Juni, ombi langu ni moja: msituombe kila wimbo uwe wa kusimulia mateso. Mwacheni kijana ajigambe, aimbe mapenzi, amcheke mbabe wa filamu. Hiyo nayo ni historia ya kambi.

Jumamosi iliyopita tuliifungua fomu tena. Mstari wa kwanza bado uko wazi. Nikamkabidhi kalamu yule dada, nikamwambia wewe ndiye utakayeandika, lolote mtakaloamua, hata likiwa na neno hilo, hata likiwa halina. Akaipokea, akaiweka sikioni, akasema: "Kwanza tufanye mazoezi, Yaya. Jina litakuja."

Kijana wa dumu akaanza kupiga.