Timberline Lodge: Hoteli ya Mlimani Iliyojengwa na Watu Wasio na Kazi

Tarehe 28 Septemba 2027 hoteli ya Timberline Lodge, iliyoko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Hood katika jimbo la Oregon, Marekani, itatimiza miaka 90 tangu Rais Franklin Roosevelt aizindue. Majengo ya umma yaliyozaliwa na Mdororo Mkuu wa Uchumi hayahesabiki: shule, ofisi za posta, viwanja vya ndege, madaraja, bustani za miji. Mtu akiniomba nimwonyeshe moja tu ili aelewe zama zile, nitamwonyesha hili, kwa sababu sera ya serikali ya wakati huo unaisoma kwenye mbao na mawe yake.

Mwaka 1933, kati ya kila wafanyakazi 4 wa Marekani, mmoja hakuwa na kazi. Oregon, iliyokuwa ikitegemea mbao, iliumia vibaya. Nani angenunua mbao wakati hakuna anayejenga? Mwaka huohuo Roosevelt aliunda CCC, jeshi la vijana waliopelekwa misituni kupanda miti, kuchimba njia na kujenga viwanja vya mapumziko. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Mei 1935 likafuata shirika kubwa zaidi, WPA, chini ya Harry Hopkins. Hopkins alishikilia kwamba mtu mzima mwenye nguvu zake anataka kazi na ujira, na kwamba posho ya bure humla heshima. Hadi shirika lilipofungwa mwaka 1943, watu wapatao milioni 8.5 walikuwa wamepitia kwenye orodha zake za malipo.

Wapinzani hawakukosa. Walisema vibarua wa WPA kazi yao ni kuegemea sepetu. Timberline ni mojawapo ya majibu.

Wapenda milima wa Portland walikuwa wametamani hoteli juu ya Mlima Hood kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Aliyeifikisha ndoto hiyo kwenye meza ya serikali alikuwa Emerson Griffith, mkuu wa WPA katika Oregon. Michoro ya awali ilitoka kwa Gilbert Stanley Underwood, msanifu aliyekwisha kujijengea jina kwa hoteli ya Ahwahnee ya bonde la Yosemite. Wasanifu wa Idara ya Misitu, wakiongozwa na Tim Turner, wakaikamilisha. Jumba la katikati lina pande 6 na paa lililosimama wima kuelekea kileleni, ili jengo lifanane na mlima uliolibeba na ili theluji isipate pa kujikusanya.

Ujenzi ulianza Juni 1936, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, pale misitu inapokoma. Vibarua walilala kwenye kambi ya mahema bondeni na kupandishwa kwa malori kila asubuhi. Kwa wakati mmoja walikuwapo kama 100, wakipokezana ili familia nyingi zaidi zionje mshahara. Asiye na ufundi alilipwa senti 55 kwa saa, fundi senti 90. Majira ya baridi yaliwakuta kazini, nao wakaendelea.

Masharti ya WPA yalitaka sehemu kubwa ya fedha iishie mikononi mwa wafanyakazi. Kwa mkandarasi wa kawaida hilo ni kikwazo, kwa sababu faida yake inatokana na kupunguza watu. Kwa Timberline lilikuwa baraka. Kwa kuwa kazi ya mikono ilikuwa nyingi na fedha za vifaa zilikuwa haba, kila kilichoweza kutengenezwa kwa mkono kilitengenezwa kwa mkono, na malighafi ikaokotwa. Vichwa vya nguzo za ngazi vilichongwa kutoka kwenye nguzo chakavu za simu za mti wa mwerezi: huku dubu, kule bundi, kila mnyama na tabia yake usoni. Reli zilizong'olewa zilipelekwa kwa wahunzi waliosimamiwa na Orion Dawson, zikatoka zikiwa vyuma vizito vya kushikilia kuni mekoni. Mablanketi na sare kuukuu za vijana wa CCC yalikatwa vipande na kufumwa kuwa mazulia ya vyumbani.

Simama ukumbini utazame juu. Nguzo 6 za msonobari, nene kuliko mikono ya mtu mmoja kuzikumbatia, zimechongwa pande sita kwa shoka na tezo, na alama za makali bado zinaonekana. Katikati yake limepanda dohani la mawe lenye uzito wa takriban tani 400 na kimo cha karibu mita 28. Lina meko 6, matatu kwa kila ghorofa, hata watu wengi wanaweza kuota moto pamoja bila kubanana. Mawe hayo yaliunganishwa na waashi, baadhi yao wahamiaji kutoka Italia ambao ufundi wao ulikuwa umekosa mteja.

Wanawake walipata nafasi finyu kwenye orodha za WPA, kwa sababu kila familia iliruhusiwa kutoa mtu mmoja tu, na mara nyingi huyo alikuwa mume. Waliofanikiwa kuingia Timberline ndio waliolipa jengo roho yake ya ndani. Margery Hoffman Smith, aliyesimamia mapambo, alitaka vyumba viwe na mandhari maalumu, kama ua fulani la porini la Oregon, likionekana kwenye pazia, kitanda na picha ya ukutani. Wafumaji na washonaji wakafanya kazi hiyo kwa sufu na kitani cha Oregon yenyewe.

Gharama zote zilikuwa karibu dola milioni 1. Roosevelt alilizindua jengo miezi 15 tu baada ya ujenzi kuanza, akiwa ametoka kuzindua bwawa la Bonneville siku hiyohiyo. Wageni walianza kupokewa Februari 1938.

Miaka iliyofuata haikuwa ya fahari. Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliifunga hoteli mwaka 1942, na baada ya vita waendeshaji wakabadilishana huku mazulia yakichakaa na samani zikivunjika. Mwaka 1955 umeme ulikatwa kwa sababu bili hazikulipwa, milango ikafungwa. Richard Kohnstamm, kijana asiye na uzoefu wa hoteli, akachukua uendeshaji mwaka huohuo na hakuiacha tena. Familia yake ingali inaiendesha, huku mali yenyewe ikibaki ya umma chini ya Idara ya Misitu. Mwaka 1975 kikaundwa chama cha Friends of Timberline, kilichotafuta mafundi wa kufuma upya mapazia na mazulia kwa michoro ileile ya miaka ya 1930. Mwaka 1977 jengo likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Wapenzi wa sinema wanalijua kwa sura ya nje tu, kutoka filamu ya The Shining ya mwaka 1980.

Kwa maoni yangu, uokozi huo una uzito sawa na ujenzi. Majengo mengi ya WPA yalikufa kwa kukosa mtu wa kuziba paa linalovuja. Na hatari haijaisha: jioni ya tarehe 18 Aprili 2024 moto ulizuka kwenye dari na paa la jumba la katikati. Wageni walitolewa, hakuna aliyeumia, wazima moto wakaudhibiti, na baada ya siku chache milango ikafunguliwa tena.

Timberline iko kama kilomita 100 mashariki mwa Portland. Huhitaji kukodi chumba ili uingie ukumbini, kwa maana nyumba hii ilijengwa kwa fedha za wananchi. Ukijaliwa kufika, usiishie kupiga picha ya mlima. Panda ngazi polepole, shika kichwa cha kila nguzo, utazame jinsi kilivyochongwa na mtu ambaye nchi yake ilikuwa imeshamhesabu kuwa mzigo.