Tunamkumbuka Mlezi Wetu, Bibi wa Ndege

Si vyema kitabu hiki cha miaka kumi kitoke bila ya kumtaja marehemu mlezi wetu, ambaye watoto wa Mtaa wa Narung'ombe walikuwa wakimwita bibi wa ndege. Hakurusha ndege hata siku moja, jamani. Alikuwa karani wa tiketi, ameketi mezani mjini huku abiria wake wakienda London.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile la alama ya simba, lilianza mwaka 1946, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, makao yake makuu Nairobi. Mlezi wetu aliajiriwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na wanawake maofisini wakati huo walikuwa wa kuhesabu. Tiketi aliziandika kwa mkono: za VC10 kwenda Ulaya, za Fokker kwenda Zanzibar, Tanga na Mtwara. Na kila mwisho wa mwezi mshahara ukikatwa kidogo kwa ajili ya uzeeni.

Mapema mwaka 1977, serikali tatu zikivutana juu ya madeni, shirika likafa. Tarehe 11 Machi mwaka huo huo Tanzania ikaunda Shirika lake la Ndege, ATC, lenye alama ya twiga, naye akachukuliwa huko. Alikuwa akituchekesha kwamba alilala kwa simba akaamka kwa twiga. Basi hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kikundi hiki kinalila matunda yake hadi leo: akachukua kopo la biskuti, akatia ndani barua ya ajira, hati za mshahara na kila karatasi ya kazi ya zamani, akalifungia kabatini. Wenzake wengi, eti, walichoma zao au waliwafungia watoto maandazi.

Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka huo. Mali na madeni yake vikagawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984, kila nchi ikabeba wajibu wa pensheni za raia wake. Lakini kwa wazee wa hapa ilikuwa safari ndefu, mahakamani na barabarani, hadi makubaliano ya mwaka 2005 ya shilingi bilioni 117, na hata baada ya hapo wengine waliendelea kudai. Wengi walizikwa wakingoja. Yeye alilipwa akiwa ameshastaafu na ana wajukuu, na dirishani alipoulizwa ushahidi wa utumishi wake alifungua kopo tu.

Tulipoanza kukutana barazani kwake hakutaka kusikia habari za upatu wa kuaminiana mdomo. Hisa ziandikwe mara mbili, kwenye kitabu cha mwanachama na kwenye daftari la kikundi, mbele ya wote. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo tatu zikae kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Mtu akija bila kitabu chake, weye, siku hiyo hakopi! Alikuwa mkali kweli kweli.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, likaungua. Wenzetu wenye meza mle walipoteza mali, na wawili vitabu vyao vya hisa viliteketea pamoja na bidhaa. Siku ya mkutano walikuja wakilia. Mlezi wetu akaagiza daftari la kikundi lifunguliwe, tukasoma majina yao na hisa zao moja baada ya nyingine, hakuna aliyebisha. Wakakopeshwa siku ile ile, wakapanga nyanya chini Mtaa wa Swahili.

Ametuacha akiwa amepita miaka themanini. Kopo liko kwa mjukuu wake, na ufunguo aliokuwa akiushika sasa unao mmoja wa wale wawili wa sokoni. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi, amin.