Milango Miwili: Kutoka Stempu ya Peni 4 hadi Leseni ya Video



Jioni nikimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi huwa nafungua chaneli za video za nyumbani: mapishi, taarabu, ubishi wa siasa. Kabla video haijaanza linatangulia tangazo la benki au duka la hapa Uingereza, maana bei ya tangazo hufuata mahali alipo mtazamaji. Mpishi yuko Tanga, tangazo ni la huku kwetu, na YouTube humpa mwenye video asilimia 55 ya mapato. Lakini humpa yule aliyekwisha kuruhusiwa kuingia. Swali langu kama mwanahistoria ni hilo hilo: nani anaruhusiwa kuingia?

Swali hili si jipya hata kidogo. Uingereza ilianza kutoza magazeti stempu mwaka 1712, na kila tangazo likawa na ushuru wake. Kufikia 1815 stempu ilikuwa peni 4 kwa nakala, na tangazo shilingi 3 na peni 6, liwe katika gazeti kubwa au kijigazeti cha mtaani. Mwaka 1819, baada ya mauaji ya Peterloo, Bunge likaongeza sharti la dhamana kwa wenye magazeti ya bei nafuu: pauni 300 kwa London, pauni 200 kwa miji mingine, na Birmingham ikiwamo. Tajiri alilipa akaendelea na shughuli zake. Fundi mwenye mtambo mmoja wa kuchapia angezitoa wapi? Henry Hetherington alianza kuchapa Poor Man's Guardian bila stempu mwaka 1831, akaishia gerezani.

Ushuru wa matangazo ulifutwa 1853, stempu ya lazima ikafutwa 1855. Desemba 1857 hapa mjini likaanza Birmingham Daily Post, kwa peni moja tu. Uhuru umekuja? Ndiyo na hapana. James Curran, mwanahistoria wa vyombo vya habari, ameeleza kwamba gazeti la peni lisingeweza kuishi bila matangazo, na wenye matangazo hawakuyapenda magazeti ya wafanyakazi. Mlango wa serikali ulifunguka, nyuma yake ukakutwa mlango wa mfanyabiashara.

Sasa turudi kwetu, mwaka 2018, maana mwaka ule milango yote miwili ilibanwa kwa pamoja. Februari 20 YouTube ilianza kutumia sharti jipya: hupati mgawo wa matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Sababu yake ilikuwa hofu ya makampuni ambayo mwaka 2017 yaligundua matangazo yao yamewekwa kwenye video za chuki. Machi hiyo hiyo Tanzania ikatoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 kila mwaka. Asiyetii, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni JamiiForums ikajifunga kwa muda.

Hebu tuseme kweli: matusi, uzushi na chuki vipo mtandaoni, na serikali yoyote ina haki ya kuhangaika navyo. Lakini sheria ya matusi humkamata aliyetukana. Ada ya kuingia humkamata asiye na fedha, hata kama anafundisha kupika biriani. Linganisheni na Kenya, ambako sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya wenye maudhui ya kidijitali. Watu walilalamika, na wana haki. Hata hivyo pale unakatwa katika ulichokwisha kupata; kwa ada ya leseni unalipia ruhusa kabla hujapata hata senti.

Baadaye Tanzania ilipunguza ada na kulegeza masharti, nasi tushukuru. Ila tusidanganyike kwamba kazi imekwisha. Wafuasi 1,000 na saa 4,000 bado ni njia ya kawaida ya kufikia mgawo wa matangazo, na mwalimu anayerekodi hadithi za wazee wa Pemba hawezi kushindana na udaku. Tunapopigania kufutwa kwa ada, tuulize pia nani atamlipa huyo mwalimu. Hapa Birmingham swali hilo halikuulizwa mapema, na magazeti ya mafundi yakafa katikati ya uhuru.

Nawasilisha.