Mtihani wa kumsaidia kichanga kupumua: Anachopaswa kujua muuguzi mpya

MUUGUZI mkunga anayeanza kazi katika wodi ya wazazi hukutana mapema na mtihani usiofanana sana na ile aliyoizoea chuoni. Huwekewa mbele yake mwanasesere wa mafunzo, vitambaa viwili na ambu, kisha mtahini humweleza kuwa mtoto amezaliwa amechoka na halii. Kuanzia hapo saa inahesabu.

Anapimwa kwa dakika moja. Wakufunzi huiita Dakika ya Dhahabu, na ndiyo msingi wa mafunzo ya Helping Babies Breathe yaliyozinduliwa mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na wadau wengine. Ndani ya dakika hiyo mtoto awe anapumua mwenyewe, au awe ameanza kupumulishwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyatumia, na matokeo kutoka hospitali 8 nchini yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa kawaida, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, takriban 10 huhitaji msaada fulani ili waanze kupumua. Wengi wao huitikia wanapokaushwa vizuri na kusuguliwa mgongoni. Ni 3 hadi 6 tu wanaohitaji ambu.

Mtihani una sehemu ya maswali, ambayo kwa aliyesoma kitabu haina ugumu mkubwa, na sehemu ya vitendo, ambayo ndiyo yenye uzito. Katika tukio la kwanza mtoto huanza kupumua baada ya kusisimuliwa. Katika la pili hapumui, na hata ambu inapobanwa mara ya kwanza, kifua hakiinuki.

Tukio hilo la pili ndilo linalostahili muda mwingi wa maandalizi. Mtahiniwa hapaswi kuendelea kubana ambu huku kifua kimetulia, kwa kuwa hewa inapotea pembeni au njia imeziba. Anatakiwa aiweke barakoa upya ikumbatie kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho. Airekebishe shingo iwe imenyooka kidogo kuelekea nyuma bila kupindwa. Aangalie kama kuna ute. Aufungue mdomo kidogo. Kisha abane kwa nguvu zaidi. Kifua kikishaanza kuinuka, kasi ni takriban pumzi 40 kwa dakika. Baadaye hupima mapigo ya moyo kwa kushika kitovu au kwa kusikiliza kifuani, na mpaka wa kukumbuka ni mapigo 100 kwa dakika.

Kosa jingine la kuepuka ni kufyonza ute kwa mazoea. Kifaa hutumika pale tu ute unapoziba njia ya hewa, kwanza mdomoni kisha puani. Kukiingiza ndani mno au kwa muda mrefu kunaweza kupunguza mapigo ya moyo wa mtoto, mbali na kula sekunde ambazo hazipo.

Wanaojisomea kwenye intaneti wawe waangalifu. Maswali mengi yanayopatikana huko ni ya programu nyingine ya chama hicho hicho, NRP, iliyoanza mwaka 1987 kwa ajili ya hospitali za Marekani. Humo mtahiniwa huulizwa kuhusu kukandamiza kifua mara 90 na kutoa pumzi 30 kwa dakika, kuingiza mrija kwenye koo na dawa ya adrenalini. Hayo ni muhimu kwa anayekwenda kufanya kazi huko, lakini hayamo katika Helping Babies Breathe, na humchanganya bure anayejiandaa kwa mtihani wa hapa.

Suala zito zaidi ni kinachofuata baada ya cheti. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, watafiti waliwafuatilia watoa huduma waliopata mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Miezi 7 baadaye, waliofaulu zoezi la kumpumulisha mwanasesere walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Hata hivyo, huduma kwa watoto halisi wodini haikubadilika. Utafiti mwingine hospitalini hapo ulibaini kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufariki au kulazwa kwa muda mrefu.

Hospitali hiyo ilianzisha mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, yakifanyika wodini kwenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo ndani ya saa 24 vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliosisimuliwa waliongezeka, na waliohitaji ambu wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9.

Kwa muuguzi mpya, hiyo ina maana kwamba mwanasesere akae leba, karibu na meza ya kuhudumia vichanga, badala ya kufungiwa kabatini akisubiri semina ijayo. Na ambu ijaribiwe mwanzoni mwa kila zamu kwa kuziba barakoa kwa kiganja na kuibana. Isipoonyesha ukinzani, inavuja na itafutwe nyingine kabla mama hajafika kitandani.