Red Rocks: Stage Kali ya Konsati Iliyojengwa na Vijana wa Kambi ya Serikali

Kama we ni mtu wa konsati, lazima ushaona Red Rocks kwa YouTube. Ni ile stage iko katikati ya mawe makubwa mekundu, huko Morrison, karibu na Denver, Marekani. Beatles walipiga shoo hapo 1964, U2 wakarekodi yao 1983 mvua ikinyesha. Lakini ushawahi jiuliza huo mjengo ulifanywa na nani?

Ni vijana walikuwa wamesota. 1933 uchumi wa Marekani ulikuwa chini vibaya, karibu mtu 1 kati ya 4 hana kazi. Rais Franklin Roosevelt akaanzisha Civilian Conservation Corps, CCC. Fikiria Kazi Mtaani, lakini unahama home na unalala kambini chini ya wanajeshi. Mwanzoni walitaka maboy wa miaka 18 hadi 25, hawajaoa. Chakula, nguo na pa kulala ilikuwa juu ya serikali.

Mshahara? Dola 30 kwa mwezi. Sasa sikia hii: kama dola 25 zilitumwa moja kwa moja kwa familia. Wewe unabaki na 5. Hakuna kudanganya mathe ati doh haijaingia.

Kazi ya Red Rocks ilianza 1936, ikifanywa na vijana wa kambi ya Mount Morrison. Walilipua miamba na baruti, wakasomba mawe na udongo, wakapanga viti mstari kwa mstari kufuata mchoro wa Burnham Hoyt. Miaka 5 wakichapa hiyo kazi. Ilifunguliwa Juni 1941, na leo inaingiza watu zaidi ya 9,000.

Mwaka uliofuata CCC ikafungwa, vita imechukua vijana. Karibu milioni 3 walikuwa wamepitia hizo kambi, na walipanda miti zaidi ya bilioni 3.

Si wote waliona mazuri yake. Sheria ilikataza ubaguzi wa rangi, lakini vijana weusi kama 200,000 walioingia, wengi waliwekwa kambi zao kando. Madem hawakuandikwa CCC kabisa.

Mabweni ya Mount Morrison bado yamesimama. 2015 serikali iliyaweka pamoja na Red Rocks kwa orodha ya maeneo ya kihistoria ya taifa. Wasee wengi huyapita tu wakikimbilia shoo.